Salamu Kabla ya Picha

Watu wengi hudhani kwamba kupiga picha ni kazi ya jicho na kidole: jicho huchagua, kidole hubonyeza, basi. Mimi nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Aliyenitoa katika dhana hiyo si kitabu wala mtaalamu, bali mama mmoja mbeba mizigo wa hapa Tunduma, ambaye wakati huo hakuwa amewahi kushika kamera mkononi. Kisa chake nimekikalia miaka mingi. Leo nimeona nikiandike, maana wapiga picha wameongezeka kuliko wakati wowote, na pengine kitamfaa mmoja wao.

Kikundi chetu cha wapenda picha kilianza mwaka 1995. Wakati huo Tunduma ilikuwa bado katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuja kuanzishwa mwaka 2016, makao yake makuu yakawa Vwawa. Mji ulikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa, lakini kelele zake zilikuwa zile zile: malori yaliyotoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 900, yakisubiri kuvuka kwenda Zambia, vijana wa kubadili fedha wakipunga mafungu ya kwacha, baiskeli zilizolemewa magunia hadi mwendeshaji haonekani, na treni ya TAZARA ikipita kuelekea Kapiri Mposhi. Upande wa pili ni Nakonde, na mgeni asipoonyeshwa hawezi kujua Tanzania imeishia wapi.

Tulikuwa watu wanane. Walimu wawili, mimi nikiwa mmojawapo, muuguzi, fundi cherehani, vijana watatu wa madukani, na mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio yake mjini Mbeya. Huyo mzee ndiye aliyekuwa mwalimu wetu sote. Tulikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri katika chumba cha uani nyumbani kwake. Kamera zilikuwa mbili tu: Yashica ya mzee, na Zenit niliyoinunua mimi kwa msafiri mmoja aliyeishiwa nauli. Zenit ni kamera ya Kirusi, nzito kama tofali, yenye kipimo cha mwanga kisichohitaji betri. Mzee alizoea kusema kwamba mwizi akikuvamia, kamera hiyo ndiyo utakayojilindia.

Filamu moja ilikuwa na picha 36. Tukigawana watu wanane, kila mtu alipata picha nne, na nne zilizobaki zilikuwa za mzee za kufundishia. Picha nne kwa mwezi, msomaji wangu, si jambo la mchezo. Mtu alizunguka na picha yake kichwani wiki nzima kabla ya kuipiga. Zaidi ya hayo, mzee alitutaka kila mmoja awe na daftari lenye safu nne: namba ya picha, ukubwa wa tundu la lenzi, kasi, na sababu. Tundu na kasi tulielewa upesi. Tundu likiwa kubwa mwanga huingia mwingi, lakini kilicho mbele tu ndicho huonekana vizuri na cha nyuma hufifia. Kasi ikiwa ndogo, anayetembea huacha ukungu. Safu iliyotusumbua ni ya sababu. Mzee hakukubali mtu aandike "nzuri". Alisema, "Hata ng'ombe anajua majani mabichi ni mazuri. Wewe niambie kwa nini umesimama hapa na si pale."

Kusafisha filamu ndiko kulikotufurahisha kuliko yote. Chumba kilizibwa kwa mablanketi hata tundu la ufunguo. Filamu ilifunguliwa gizani kabisa, kwa vidole, ndipo ikatiwa katika kopo lake. Wakati wa kuchapa picha nyeusi na nyeupe tuliruhusiwa taa nyekundu, kwa kuwa karatasi ile haioni mwanga mwekundu. Beseni zilikuwa tatu: dawa ya kwanza huitoa picha, ya pili huizuia isiendelee, ya tatu huikaza isifutwe na mwanga. Dawa ya kwanza hutaka joto la nyuzi 20 hivi, na wanaoujua mwezi wa Juni na Julai katika nyanda hizi wataelewa taabu yetu. Fundi cherehani alikuwa na kazi ya chupa ya chai: kuongeza maji moto katika beseni la nje, kidogo kidogo, hadi kipimajoto kikubali. Mara moja tulisahau, dawa ikapoa, na arusi nzima ya binamu yake ikatoka kama watu waliokuwa wakicheza ngoma ndani ya ukungu.

Mwaka 1996 tulikwenda kukiona Kimondo cha Mbozi kule Ndolezi. Ni pande la chuma la urefu wa meta tatu hivi lililoanguka kutoka angani, zamani ambazo hata simulizi za wenyeji hazikuzishika. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walipata habari zake mwaka 1930, wakati sehemu yake kubwa ilikuwa bado imefukiwa. Walichimba pande zote, kikabaki kimekaa juu ya kiguzo cha udongo, ambacho baadaye kilijengewa zege. Makadirio ya uzito wake hutofautiana, lakini yote yanazidi tani 10, na karibu sehemu tisa katika kumi ni chuma kitupu. Tulikipiga picha kwa furaha kubwa, kila mtu kwa kufuata kipimo cha kamera. Tuliposafisha, kimondo chetu kilikuwa kijivu na kimepauka, mfano wa gunia la mahindi.

Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akatufundisha somo ambalo naliona hadi leo kuwa kubwa. Kipimo cha kamera, alisema, hakijui kimondo wala hakijui bibi arusi. Kinajua kijivu tu, na kila kilicho mbele yake kinataka kukifanya kijivu. Ukikielekeza kwenye kitu cheusi, kitakwambia mwanga ni mdogo, ongeza. Nawe ukikitii, cheusi kitapauka. Ukikielekeza kwenye shela nyeupe, kitakwambia mwanga umezidi, punguza. Nawe ukikitii, uso wa bibi arusi utakuwa giza tupu, macho na meno tu. Dawa yake ni kupima uso wenyewe, au kiganja chako, na kuiacha shela ijitetee. Alituambia pia kwamba hata filamu za rangi na mashine za kuchapia zilitengenezwa huko nje kwa kupimwa na kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ndiyo maana sura zetu zilitoka vibaya na watu wakamlaumu mpiga picha. "Mashine haikukusudia kukudharau," alisema. "Haikukujua tu. Wewe unayemjua mtu ndiye wa kuirekebisha."

Maneno hayo niliyaandika katika daftari langu. Kuyaelewa ikawa kazi nyingine.

Tarehe 23 Novemba mwaka huo huo, Mohamed Amin alifariki katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Tulikaa Jumamosi nzima tukimzungumza. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia na kusoma Dar es Salaam, na hapo ndipo alipoanza, angali mwanafunzi, na kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika. Picha alizozipiga Korem, Ethiopia, mwaka 1984, akiwa pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, ziliionyesha dunia watu waliokuwa wakifa kwa njaa, na dunia ikainuka. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, na bado akarudi kazini. Mimi nilitoka pale nimelewa habari zake. Nilijiambia kwamba Tunduma nayo ina mambo ya kuonyesha dunia, na kwamba nitakuwa mimi wa kuyaonyesha. Kuanzia hapo nikaacha kupiga arusi na kipaimara. Nikawa mwindaji.

Windo langu nililipata mwezi wa Juni mwaka 1997. Ilikuwa alfajiri, ukungu haujainuka, katika mojawapo ya njia za panya zitokazo Zambia. Mwanamke alikuja akiwa na gunia la sukari kichwani na mtoto mgongoni, na nyuma yake taa za lori zilipasua ukungu ukawa kama pazia. Nilikuwa nimejibanza kwenye mti. Tundu lilikuwa wazi kabisa, kasi 1/30, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote katika Zenit. Nilizuia pumzi, nikabonyeza. Yeye alisikia mlio, akageuza macho tu, kwa kuwa mwenye gunia kichwani hawezi kugeuza shingo. Kisha akaongeza mwendo. Katika safu ya sababu niliandika: "Mwanga kutoka nyuma."

Tulipoichapa, chumba kizima kilinyamaza. Hata mzee aliishika ikiwa bado inachuruzika, akaitazama kwa muda, akasema, "Hii ni picha." Nilikuwa nimengoja miaka miwili kusikia neno hilo.

Siku ya Nane Nane tulifanya maonyesho ya picha zetu 20 katika darasa tuliloazimwa. Picha yangu niliichapa inchi 8 kwa 10, ikatundikwa katikati, na chini yake nikaandika kwa wino: "Ushujaa wa Mpakani". Watu walikuja wengi, kwa kuwa kiingilio kilikuwa bure na mvua haikuwapo. Walisimama zaidi mbele ya picha yangu. Nilizungukazunguka karibu yake kama mtu aliyepoteza kitu, kumbe nataka nisikie sifa.

Jumatatu yake jioni, mama yule alifika nyumbani kwangu. Sikumtambua hadi aliposogea mlangoni. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Alipiga goti kidogo, kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu ndani."

"Sitakaa. Nimekuja kuuliza tu. Ile picha ya mwanamke mwenye gunia, ni wewe uliyeipiga?"

"Naam, ni mimi."

"Asubuhi ile ulinisalimia?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kueleza habari za mwanga, na kwamba watu wote wameisifu, na kwamba nimeandika ushujaa. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akanieleza yake, bila kupandisha sauti. Alikuwa mjane. Ukweni kwake kijijini walijua kwamba ana genge la mboga sokoni, na kwa sababu hiyo walikubali akae mjini na watoto. Shemeji yake alikuja kwenye Nane Nane, akaingia darasani na wengine, akamwona mke wa marehemu kaka yake ukutani, kuli wa alfajiri, na damu yao mgongoni mwake kwenye baridi ile. Alirudi kijijini siku ile ile. Sasa ujumbe umekuja kwamba watoto wote wawili warudishwe kwao. Na la pili, alisema, ule mti unajulikana. Kila anayeiona picha anaijua njia. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyethubutu kupita pale, na wenzake wanamwona yeye ndiye aliyejipigisha picha kwa malipo.

"Mimi sikulaumu, mwalimu," akasema. "Nimekuja uniambie ulilipwa kiasi gani, ili nao wajue kwamba mimi sikupewa kitu."

Nilimwambia sikulipwa hata senti. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. Hasara yote ile, na hata faida hakuna!

Usiku ule nilikwenda kwa mzee. Hakunikemea. Aliomba daftari langu, akasoma mstari wa picha ile, akaniuliza, "Huyu anaitwa nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Umepima mwanga wa nyuma ukaupata barabara. Uso hukuupima." Kisha akakaa kimya kidogo, akaongeza kwamba kosa si langu peke yangu. Yeye naye aliitazama, akaisifu, na hakuuliza.

Kesho yake tuliitoa picha ukutani, mimi na yeye, na nakala mbili zilizobaki. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kijijini kwa shemeji. Tulikaa kwenye vigoda tangu asubuhi hadi jua likapinduka. Mzee ndiye aliyesema, mimi nikaomba radhi. Walitupokea kwa heshima, wakatupa ugali na maharage, na wakakubali kwamba mtoto mdogo abaki na mama yake. Mkubwa, mvulana wa miaka tisa, walimchukua. Alikaa huko mwaka mzima na zaidi, akarudi Januari 1999. Nilikuwa namfundisha darasa la tatu. Kiti chake nilikiona kila siku.

Nilimpelekea yule mama nakala zote na kipande cha filamu chenye picha yake. Alikishika mbele ya dirisha akajiona uso mweupe na gunia jeusi. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Huku nimekuwa Mzungu," akasema. Nilimweleza kwamba hicho ndicho mama wa picha, na kikiwapo picha inaweza kuzaliwa hata mara mia. Akaenda ndani akarudi na mkasi. Alikikata vipande vidogo kabisa, kwa utulivu, kama mtu anayekata bamia. Nilisimama nikitazama. Sitaki kumdanganya msomaji: niliumia. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na hadi leo sijapiga nyingine ya kuifikia. Niliona haki yake, na bado niliumia. Nadhani mtu anaweza kuyabeba yote mawili.

Katika kikundi jambo hilo lilizua mjadala uliochukua Jumamosi tatu. Muuguzi wetu alileta hoja nzito. Aliuliza, "Wale wa Korem, nao walisalimiwa? Mtu anakufa kwa njaa, mwenye kamera anamwomba ruhusa? Na picha zile zisingepigwa, chakula kingekwenda?" Kijana mmoja akasema basi mwalimu naye hakukosea. Nilitamani kukubali. Lakini nilipojipima sikuweza. Mpiga picha wa Korem alikuwa na habari iliyohitaji kufika kwa watu wenye uwezo wa kusaidia, na iliwafika. Mimi picha yangu ilimfika nani? Majirani zake. Ilionyesha siri yake kwa wale tu walioweza kumdhuru, na sifa zikabaki kwangu. Muuguzi hakuridhika kabisa. Alisema hata wa Korem huenda wangependa kuulizwa, kama kungekuwa na muda. Hapo hatukuafikiana, na sidhani kwamba ilitubidi kuafikiana.

Tulichokubaliana ni kidogo. Mzee alichukua rula, akachora safu ya tano katika madaftari yetu yote manane. Juu yake akaandika: "Jina". Asiyekuwa na jina la kuandika hapo, picha yake haitachapwa. Wapo waliolalamika kwamba mtu ukimsalimia anabadilika, anasimama wima, anatengeneza kilemba, na uhalisi unapotea. Ni kweli hubadilika. Lakini baada ya miezi kadhaa tulianza kuona jambo ambalo hatukulitarajia. Ukisalimia, ukauliza habari za nyumbani, ukasubiri, mtu hukaa wima dakika tano, kisha anachoka kusimama wima, anarudi katika kazi yake, na anakusahau. Hapo unampiga akiwa yeye. Tofauti ni kwamba anajua upo.

Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, yule mama alikuja katika chumba chetu cha uani na mtoto wake mdogo. Alitaka picha. Alivaa kitenge kipya, akaketi kwenye kiti cha mzee, mikono magotini, uso mkavu kama wa picha za kitambulisho. Nilipima uso wake, si ukuta mweupe. Kwa mujibu wa yote tuliyojifunza, ilikuwa picha ya kawaida mno. Alichukua nakala mbili, moja yake, moja ya kumpelekea mwanawe kijijini. Jina lake limo katika safu ya tano ya daftari langu, nami hapa silitaji.

Mzee wetu amekwishatangulia mbele ya haki, na Zenit imebaki mapambo kabatini. Mpaka nao umebadilika: tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha, ambako msafiri hukaguliwa mara moja kwa nchi zote mbili. Jumamosi bado nakaa na vijana wachache wapenda picha. Simu zao hupiga picha mia kwa dakika, na kipimo cha mwanga kinafanya kazi chenyewe, hata sura zetu zinaonekana vizuri kuliko zamani. Nchi imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022. Yote hayo ni mema. Lakini picha ya mtu sasa haihitaji darasa la kuazima wala pini nne. Kabla hujaiweka simu mfukoni, imekwishafika kwa shemeji.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kwa yule mama, ambaye sasa ana duka lake la vitenge. Nilimwomba ruhusa. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika, mwalimu. Ila ile picha usiieleze sana." Ndiyo maana nimeieleza kidogo.